Nne Kulia, Nne Kushoto

Habari ya kifo cha Edson niliipata nikiwa ofisini Dodoma, kwenye kundi la simu la watu tuliosoma kozi fupi ya kompyuta pamoja Morogoro miaka mingi iliyopita. Kundi lenyewe siku hizi limebaki la salamu za sikukuu na picha za watoto. Aliyeandika alisema Edson aliugua siku chache tu, kazikwa Mikumi, na watu bado wako msibani. Kitu cha kwanza nilichofanya, na nakiandika kwa sababu sitaki kujipamba, ni kuikagua namba iliyotuma ujumbe. Nilidhani ni matapeli wanatafuta rambirambi. Nikawapigia watu wawili kuhakikisha, na wa pili akaniuliza kwa sauti ya kuchoka, "Zena, hata msiba unataka uthibitisho?" Ndipo nikaweka simu chini nikalia, na nililia kwa muda mrefu kuliko alivyotegemea yeyote aliyekuwa pale ofisini, maana hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikia nikilitaja jina hilo.

Nilikozaliwa na waliponisomesha wazazi wangu tutayaacha, hayana kitu cha kumsaidia msomaji. Mwaka ninaoutaka ni ule niliokodi chumba Kilosa, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli, nikiwa nimeajiriwa kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Chumba kilikuwa na dirisha moja, kitanda cha futi nne, na ukutani alama ya kahawia ya maji ya mafuriko iliyofika usawa wa goti. Kwa ajili ya alama hiyo kila kitu changu cha thamani kilikaa juu ya matofali. Nyumba haikuwa na dari. Kuta za kugawa vyumba ziliishia juu kidogo ya kichwa cha mtu, juu yake bati tupu, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha kwanza alipewa pole na wa chumba cha mwisho. Jirani yangu wa ukuta alikuwa Mama Sele, mfanyabiashara wa nyanya na vitunguu aliyekuwa akienda Mikumi mara mbili kwa wiki. Niliyajua mambo yake yote, naye ya kwangu, na hatukuwahi kukaa chini tukaambiana hata moja. Kwa mtu mwenye tabia yangu, nyumba ile ilikuwa sumu. Mimi ni mtu wa kushuku. Mchuzi ukiwa mtamu kuliko jana nauliza nani kaupika.

Edson yeye alikuwa Mikumi, kwenye nyumba moja ya wageni kando ya barabara kuu. Aliajiriwa kutunza kompyuta ya mapokezi, lakini kufikia mwaka ule alikuwa akitunza pia jenereta, pampu ya maji, mizigo ya wageni na mbwa wa mlinzi. Tulikuwa tumejiandikisha kufanya mtihani mmoja wa cheti mwishoni mwa mwaka, mtihani wa kuendesha kompyuta nyingi ndani ya kompyuta moja. Wazo lenyewe ni rahisi: unachukua mashine moja yenye nguvu, unaigawa kwa programu, na kila kipande kinajiona ni kompyuta kamili yenye maisha yake. Nusu ya mtihani ilikuwa vitendo, na vitendo havisomwi kitabuni. Ilibidi tuwe na mashine, tuivunje, tuijenge, tuivunje tena kila Jumamosi. Kwangu cheti kilikuwa njia ya kutoka kwenye mashine ya kopi. Kwa Edson kilikuwa zaidi. Aliwahi kuniambia akipita mtu na suti pale mapokezi akamwita "wewe wa jenereta" mara moja tena, ataitika, na akishaitika mara hiyo ataitika maisha yake yote.

Kuchagua mashine kulituchukua miezi mitatu. Tulikuwa na aina tatu mezani. Ya kwanza ni kompyuta ndogo za ofisini, zilizotumika, kimya kabisa, umeme zinakula kidogo, na ni rahisi. Tatizo lake ni RAM, yaani vile vipande vyembamba vya kumbukumbu ambavyo ndivyo vinavyoamua utabeba kompyuta ngapi ndani. Ndogo zile zilikubali kidogo tu, kisha basi. Ya pili ni seva bapa, zile zinazopangwa kwenye kabati kama trei za mkate, zenye nguvu ajabu na bei ya kutupa kwa sababu makampuni yanazibadilisha. Nilimsikiliza kwenye simu mtu mmoja akiwasha moja nikadhani yuko mashine ya kukoboa. Kwenye nyumba isiyo na dari, wapangaji sita na mita moja ya umeme, ningehamishwa kabla ya Ijumaa. Ya tatu ndiyo aliyoipigania Edson: seva ya kusimama, umbo la kabati dogo, feni kubwa zinazozunguka taratibu, na nafasi mbili za prosesa, yaani ubongo wa mashine, ambapo muuzaji alikuwa kaijaza moja tu. "Tunaanza na prosesa moja," Edson alisema, "umeme unakuwa mdogo, joto dogo, bei ndogo. Tukipata kazi tunaongeza ya pili." Sikuwa na hoja ya kupinga, na kutokuwa na hoja kulinitia wasiwasi.

Muuzaji alikuwa Dar, na mimi nilimwandama. Nilitaka picha ya mashine mbele, nyuma na ndani. Nilitaka picha ya kioo cha kompyuta ikionyesha kwamba prosesa inakubali kugawa mashine, kwa sababu zipo zisizokubali, na wauzaji hawasemi. Picha ilipokuja nikasema inaweza kuwa ya mashine nyingine, nikamtaka aipige tena akiwa ameweka kando karatasi yenye jina langu. Akanipigia. "Dada," alisema, "ni seva hii, siyo mchumba. Mchumba ndiye anayeombwa picha tatu tatu." Edson alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. Hata hivyo karatasi ilipigwa picha, jina langu likiwa limeandikwa kwa hasira, na tukanunua. Vipande vinane vya RAM muuzaji alivifunga peke yake kwenye kiboksi, visije vikachomoka na kuvunjika njiani. Mzigo ungeteremshwa Mikumi, kwa kuwa mabasi ya Dar yanapita pale, na Edson angeuleta Kilosa.

Aliupokea Jumatatu na akauleta Jumamosi. Siku tano. Alisema mvua, na kweli mvua ilinyesha, hata mimi niliiona, ila barabara ya Kilosa wenye magari walikuwa wanapita. Jumamosi hiyo alifika ndani ya lori la mahindi, kabati la chuma kalipakata mapajani toka Mikumi, miguu imekufa ganzi, hawezi kushuka. Tuliiweka juu ya matofali. Akafungua mfuniko wa ubavuni kunionyesha jinsi alivyokwisha kupachika RAM zote mwenyewe. "Nne kulia, nne kushoto," alisema, "zisilemee upande mmoja." Nilicheka. Mtu aliyekaa Mikumi miaka anasikia habari ya mizani ya barabarani kila siku, madereva wa malori wanakula na kulala wakilalamikia mzigo ulioegemea, na Edson alikuwa kaipakia seva kama anavyopakia tela. Tulikula wali na mchicha aliotugawia Mama Sele, tukaiwasha, ikapumua taratibu, na mwanga wake wa buluu ukagonga bati. Mfuniko hatukuurudishia. Tulidhani mashine ikiwa wazi ndiyo inapoa.

Yeye akarudi Mikumi jioni hiyo, mimi nikaanza kupanga mfumo katikati ya wiki, baada ya kazi. Ukurasa wa kwanza tu ukanionyesha idadi ya RAM, na ilikuwa nusu. Nikazima, nikawasha, ikabaki nusu. Nikainamia ndani na tochi. Vipande vinane vilikuwepo, vizima kwa macho, lakini vinne vya kulia vilikuwa na karatasi nyeupe na vinne vya kushoto karatasi ya kijani, kampuni nyingine kabisa. Nilikaa kitandani nikaziangalia zile karatasi za kijani kwa muda ambao ungetosha kupika maharage. Zile siku tano zikarudi kichwani moja moja. Leo najua kwamba wauzaji wa vifaa vilivyotumika wanachanganya kampuni kila siku, na kwamba nilichotakiwa kufanya ni kuchomoa kimoja cha kijani na kukihamishia upande wa pili, kazi ya dakika moja. Sikuifanya. Nikisema nilisahau nitakuwa nadanganya. Nilikuwa nimeshapata mwizi, na mtu akishapata mwizi hatafuti tena kitu kingine.

Kesho yake nikamsikia Mama Sele, sauti ikipita juu ya ukuta, akizungumza na mpangaji mwenzetu huku anachambua dagaa. "Yule kijana wa Mikumi wa kwa Zena," alisema, "nilimwona pale kwao mapokezi kalifungua lile kabati lote. Fundi simu kasimama naye, wanatoa vitu, wanapuliza, wanarudisha." Mwenzake akauliza wanapuliza nini. "Mimi nitajulia wapi? Vitu vya umeme." Hakuna aliyesema neno baya. Mtu mwingine angesikia kijana anafuta vumbi kwenye mashine ya rafiki yake. Mimi nilisikia fundi simu, mtu anayenunua na kuuza vipande kama vile kila siku, na nikaona picha nzima, bei waliyopatana na namna walivyotafuta vibovu vya kujazia mapengo. Nikalala nikiwa na amani ya ajabu, ile ya mtu aliyethibitishiwa.

Jumamosi Edson alikuja na papai na daftari lake la mazoezi. Sikumwambia kitu. Nikamwacha akae uani kwenye mkeka pamoja na Mama Sele na wapangaji wengine, ugali ukaletwa, mboga ikaletwa, akanawa, akakata tonge la kwanza. Nilichagua wakati huo makusudi, nilitaka mashahidi. "Edson," nikasema, "zile RAM nne umemuuzia fundi simu kwa shilingi ngapi?" Akadhani natania. Akasema bei ya jumla ilikuwa mbaya, labda nimpelekee mimi na zile nyingine nne. Mtu mmoja akacheka. Nikamwambia mashine inaonyesha nusu, kwamba kaonekana Mikumi akilifungua kabati na huyo fundi, na kwamba angeniambia ana shida ningemsaidia kuliko kuniibia. Mama Sele akaacha kutafuna. Edson alitazama tonge lililokuwa mkononi mwake, akalirudisha kwenye sinia.

"Nilikuwa nafuta vumbi," alisema. "Fundi alikuwa na brashi. Twende tukafungue tuangalie, huenda nimepachika vibaya."

"Ili uzirudishe?" nikamjibu. "Hiyo mashine huigusi."

Hapo ndipo ningependa kusimama kila ninapoukumbuka mwaka ule, na sipati namna. Alikuwa kalitaja jibu lenyewe kwa mdomo wake, mbele ya wote. Akanawa mikono, akamshukuru Mama Sele kwa chakula ambacho hakukila, akasimama. Hakupandisha sauti. "Zena, ungeniuliza tu," alisema. "Haya. Ukishajua, nitafute." Akaenda stendi. Daftari lake lilibaki mkekani, Mama Sele akaliokota akaniwekea mlangoni, na kwa wiki nzima hakunisalimia mpaka nimwanze mimi kwa shikamoo. Marahaba yake ilikuwa fupi.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja na siku kadhaa kabla ya mtihani. Niliendelea peke yangu na ile nusu, kompyuta mbili zikibanana mahali pa nne, na kila ziliposimama nilimlaani Edson. Wiki tatu zilipita. Alasiri moja Mama Sele alipiga hodi akiwa na mfuniko wa ile seva mkononi. Nilikuwa nimeshausahau; aliuchukua uani nilipouegesha, akauanikia dagaa. "Nimekuoshea kwa sabuni," alisema, "harufu itaisha. Ila karatasi ya ndani haibanduki, nimekwangua nimeshindwa." Nikaugeuza. Upande wa ndani ulikuwa umebandikwa mchoro wa mashine yote ukiitazama kwa juu: prosesa ya kwanza, prosesa ya pili, na nafasi za RAM zimepewa namba. Chini yake mstari mmoja, nao haukuhitaji mtaalamu. Nafasi za upande huu zinafanya kazi ikiwa tu prosesa ya pili imewekwa. Sisi hatukuwa na prosesa ya pili. Vile vinne vya kijani vilikuwa vimekaa mbele ya chumba kisicho na mtu, vikisubiri kuitwa.

Nikavihamishia upande wa prosesa ya kwanza, kwenye nafasi zilizokuwa bado wazi, nikawasha. Nane zilikuwepo, nzima. Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye ile alama ya mafuriko, na Mama Sele aliyekuwa bado kasimama mlangoni akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia imepona. "Basi mwite kijana wa watu," alisema. Nikasema nitamwita. Niliandika ujumbe nikaufuta. Nikaandika mwingine mrefu wenye mchoro na maelezo ya prosesa, nikaona unanitetea mno, nikaufuta huo pia. Kisha ile tabia yangu ikaja kunisaidia, kama inavyokuja siku zote. Nikajiambia atanicheka. Atawaambia wenzetu wote wa Morogoro. Pengine keshapata mashine nyingine, pengine hata hakuwa na nia ya kweli ya kufanya mtihani, mbona hakupiga simu yeye? Nikalibadilisha kosa langu taratibu mpaka likafanana na la kwake. Mtihani ulipofika nilimtafuta kwa macho ukumbini Morogoro, nikaona kiti chake kitupu, na nikashukuru. Nilipasi. Nikapata kazi Dodoma, nikahama na ile seva ambayo ilikuwa yetu wawili. Sikuwahi kukanyaga Mikumi tena isipokuwa kupita, na nilipopita niliangalia upande wa pili wa barabara.

Mpaka msiba huu. Nilifika mchana, wanawake wako kwenye mikeka chini ya turubai, na mjane wake, Mama Neema, kakaa ndani kwenye godoro kaegemea ukuta. Nikampa pole, akaitika. Nikataja jina langu nikiwa tayari kwa lolote. Uso wake ukafunguka. "Wewe ndiye Zena wa Kilosa," alisema, na akawaambia waliokuwa karibu kwamba huyu dada walisoma na marehemu, ana akili sana, marehemu alimsifu mpaka basi. Mimi nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Nilitafuta kwa bidii, kwenye macho, kwenye pembe za mdomo, kwa mwanamke aliyefiwa siku nne zilizopita. Sikuiona.

"Shemeji," nikamwambia wenzake walipotoka kwenda kupakua chakula, "mimi nilimwita mwizi. Mbele za watu."

"Najua," alisema. "Tulikuwa tumeshachumbiana. Alirudi siku ile hajala." Akakunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. "Nilitaka kuja huko nikusute, akanikataza. Alisema Zena hawezi kuacha kitu mpaka akijue. Atafungua ile mashine, atapata jibu, na akilipata atakuja, twende tukafanye mtihani. Basi kila Jumamosi alikuwa anabadilishana zamu ili ashinde nyumbani kwenye mkeka, akikungoja. Mpaka mtihani ukapita. Akasema mashine zile ni ngumu, labda hajalipata." Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayeuliza kitu cha kwake mwenyewe. "Kazini pale amekaa mpaka amekufa, na hakuwahi kukusema vibaya. Ila mimi nilikuwa najiuliza. Hilo jibu ulilipata?"

"Nililipata."

"Lini?"

Hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Mama Sele alishahama Kilosa, sijui yuko wapi. Ningeweza kusema baada ya mwaka, ningeweza kusema nilipofika Dodoma, na mjane huyu angelala usiku ule akiwa na mume aliyesubiri kitu kisichowezekana, na hilo ni jambo jepesi zaidi kubeba.

"Baada ya wiki tatu," nikasema. "Mtihani ulikuwa bado."

Mama Neema hakulia. Alihesabu kimya, niliona anahesabu, Jumamosi moja baada ya nyingine. Nje mtu aliita kwamba chakula kiko tayari, akaitika kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mgeni aletewe maji ya kunawa. Kisha akanigeukia.

"Jumamosi iliyofuata angekuwa kwenye mkeka," alisema. "Ungemkuta."